Gari la Juu ya Kabati

Fundi meno hakung'oa jino la mtu wala hakumwambia mtu afungue mdomo. Kazi hizo zilikuwa za daktari, chumba cha mbele, penye kiti kinachopanda na kushuka na picha ya mtoto anayecheka kupita kiasi. Yeye, mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kuona kazi na nyingine ya kuona watu, alikaa chumba cha nyuma akitengeneza meno ya bandia. Palikuwa na dirisha moja, taa ya kuinamisha, na rafu iliyojaa taya za plasta. Mgeni akiingia ghafla alidhani kulikuwa na mkutano humo, watu wakaondoka na kusahau vinywa.

Alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki binti akiwa bado anatambaa; baba alikuwa ametangulia. Kaka, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa ameanza tu kazi ya kutunza stoo, akampokea mtoto katika chumba chake kimoja pamoja na furushi la nguo na maelekezo ya majirani, ambao kila mmoja alikuwa na yake. Akamlea hivyo hivyo. Alioa baadaye, msichana alipokuwa keshaanza shule, na mkewe akawa wifi na nusu mama.

Kaka alitunza stoo mpaka akastaafu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Funguo. Ulimsikia kabla hujamwona. Hata baada ya kurudisha funguo za kazini, shada lake halikupungua sana: palibaki funguo za nyumba, za kufuli ambazo hakuna aliyejua ziko wapi, kisahani cha namba ya mlango uliokwisha kubomolewa, na kidude kimoja cheusi cha duara. Akiwaza jambo, kidole gumba chake kiliingia mle ndani ya shada na kusugua. Mkewe alisema kama kile kidole kingekuwa cherehani, wangekuwa wamevaa vizuri.

Mwaka ule macho yake yakaanza kumkimbia. Hospitali walisema ni presha ya macho. Imekwisha kula pembeni, na dawa ya matone itachelewesha yaliyobaki lakini haitarudisha yaliyokwenda. Mzee Funguo aliipeleka habari hiyo nyumbani kama mtu anayetangaza kwamba mvua inaweza kunyesha.

"Wanasema naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema. "Basi nitachungulia."

Fundi meno aliporudi chumba chake cha nyuma siku hiyo, alikaa muda mrefu ameshika taya la mtu asiyemjua. Lililomkera halikuwa macho peke yake. Alikuwa hajawahi kumshukuru kaka yake. Si kwamba hakujaribu. Alijaribu siku aliyomaliza mafunzo, akaambiwa ale kabla chakula hakijapoa. Alijaribu siku ya harusi yake, akaambiwa anachafua uso. Kila alipofungua mdomo, ule mkono mpana ulipunga hewani kama unafukuza nzi, na maneno yakarudi tumboni. Alitaka shukrani yenye umbo, kitu cha kuwekwa mezani ambacho kaka angekiona kwa macho yake mwenyewe wakati macho bado yapo, na ambacho hakifukuziki kwa mkono. Ila hakujua ni kitu gani.

Jibu lilitoka kwa wifi yake, ambaye hakujua kama ameulizwa. Wifi alikuwa anapunguza vitu ndani ya nyumba ili mume asijikwae, na alipunguza kwa moyo wote. Akapiga simu: "Wifi, njoo uchukue takataka za ukoo wenu kabla sijazichoma."

Juu ya kabati, chini ya mabegi, palikuwa na boksi la gari dogo la plastiki la kuunganisha mwenyewe. Kifuniko kilikuwa kimevimba kwa maji ya zamani. Pichani gari jeupe liliegeshwa mbele ya nyumba isiyo na vumbi, na familia nzima ililitazama kana kwamba limetoka kusema jambo la busara. Ndani, vipande vingi vilikuwa bado vimeshikamana na vijiti vyao kama matunda mabichi. Lakini chasisi ilikuwa imeunganishwa tayari, na injini imekaa, na viti viwili vya mbele vimegundishwa sawasawa, bila tone la gundi kuvuka mahali pake.

"Hii ni kazi ya nani?" fundi meno aliuliza.

"Yangu," alisema kaka yake kutoka kwenye kiti chake. "Bosi alinipa. Boksi lilikuwa limelowa, halikuuzika."

"Mbona hukumaliza?"

"Kazi zilizidi."

"Miaka yote hii, Kaka?"

"Zilikuwa kazi nyingi," alisema Mzee Funguo, na kidole gumba kikaingia kwenye shada la funguo. "Tupa tu."

"Umemsikia mwenyewe," alisema wifi.

Hakulitupa. Alilibeba kwapani mpaka kazini, akiwa na hakika ya kwanza aliyoipata tangu habari ya macho: atalimaliza gari hili, na kaka yake ataliona.

Alifanya kazi saa za chakula cha mchana, mkate mkono mmoja. Mara moja akagundua kwamba gari la plastiki la zamani lina magonjwa anayoyafahamu. Matairi ya mpira yalikuwa yamelala juu ya kioo cha mbele tangu enzi hizo, na yalikuwa yameng'ata kioo, yakaacha alama mbili kama nusu miezi. Akakisugua kwa unga ule ule wa kung'arishia meno, kwa kitambaa na kwa mkono, maana mashine ingekiyeyusha, mpaka alama zikafifia na baadaye zikakubali yaishe. Gundi ya kwenye boksi ilikuwa imegeuka jiwe. Badala yake alitumia kile kimiminiko chenye harufu kali kinachochanganywa na unga kutengenezea ufizi. Tone moja kwa ncha ya brashi, na plastiki mbili zikawa moja. Mlango mmoja ulikuwa umepasuka pembe. Akaujaza kwa unga wa rangi ya jino, baada ya kulinganisha weupe wa gari na kile kibao cha meno ya mfano ambacho wateja huchagulia rangi. Weupe wa kiwandani ulikuwa umeota unjano. Gari lilikuwa na meno ya mnywaji chai wa wastani.

Daktari, mtu mwema aliyependa kupitapita, alisimama mlangoni.

"Fundi, mgonjwa huyu ana kadi?"

"Ni wa familia, daktari."

"Sawa. Mwambie apunguze sukari."

Kipande kimoja tu hakikuwepo: usukani. Alitafuta kwenye boksi, kwenye mikunjo ya karatasi ya maelekezo, kwenye kabati la kaka mpaka wifi akamuuliza kama anatafuta wosia. Basi akauchonga mwenyewe kwa nta, akiuangalia mchoro: duara jembamba, mikono mitatu, kitovu katikati. Akaufunika kwa plasta, akayeyusha nta, akamimina plastiki mahali pake, kama afanyavyo kila siku. Ulipotoka ulikuwa usukani kamili. Tatizo ni kwamba chumba kile kilikuwa na plastiki za rangi mbili tu, ya jino na ya ufizi, na ya jino ilikuwa imeishia kwenye mlango wa gari. Usukani ulikuwa wa waridi.

"Gari lina ufizi," alisema daktari.

"Rangi nyeusi inakuja."

"Uliangalie tu. Ufizi mweusi si dalili nzuri."

Akaupaka rangi nyeusi, ukapendeza. Likabaki jambo moja: kuifunika bodi juu ya chasisi na kugundisha moja kwa moja. Hapo mkono ukagoma. Katika ufundi wake, meno hayapikwi mpaka mwenye mdomo ameyajaribu. Kwanza hupangwa juu ya nta, mtu anayavaa, anajitazama, anasema hili limetokeza, hili si langu, fundi anasogeza, ndipo plastiki inamiminwa na hakuna kurudi nyuma. Fundi asiyefanya jaribio la nta ana wateja wanaolia wakicheka. Kwa hiyo aliushika usukani kwa nta, akaishika na bodi kwa nta, akatia chupa ndogo ya kile kimiminiko, brashi, kibano na kisu chembamba ndani ya mkoba, akaenda kwa kaka yake mchana wa siku ya mapumziko.

Mzee Funguo alikuwa mezani karibu na dirisha, penye mwanga. Fundi meno aliliweka gari mbele yake. Hotuba alikuwa nayo, lakini ilikwama alipomwona kaka anainamisha kichwa, mara kulia, mara kushoto, akilitafuta gari kwa lile bomba lake. Akalipata. Akalitembelea polepole: taa, boneti, kioo, mlango wa upande, bampa linalong'aa. Wifi aliyekuwa amebeba chai alisimama nayo.

"Limekwisha," alisema Mzee Funguo.

"Limekwisha, Kaka."

"Mlango huu ulipasuka."

"Nimeuziba."

"Sioni palipozibwa."

"Hata mwenye macho mazima haoni," alisema wifi. "Mimi nilitaka kulichoma, leo naona aibu kulipitisha mbele ya jirani."

Fundi meno akajikohoza. Hotuba ilikuwa inapanda. Lakini kaka yake alikuwa amepitisha kidole kidogo dirishani, upande wa dereva, na kidole kikazunguka mle ndani, kikasimama, kikazunguka tena.

"Huu usukani si wenyewe."

"Si wenyewe, ndiyo. Wenyewe ulipotea. Nimetengeneza mwingine. Umejuaje?"

"Huu ni laini." Akatoa kidole. "Halafu nani kakuambia ulipotea?"

Akavuta shada la funguo kutoka mfukoni, akaliweka mezani kando ya gari, akatenga kwa kidole gumba kile kidude cheusi cha duara.

Fundi meno alikuwa ameliona shada lile kila siku ya maisha yake. Alikuwa amelichezea sakafuni. Alikuwa amelitumia kufungua mlango akitoka shule. Sasa akavaa miwani ya kazi na kulitazama kwa mara ya kwanza. Kile kidude kilikuwa duara jembamba. Mkono mmoja ulikuwa umekatika, miwili bado ilishika kitovu. Na ukingoni, chini ya uchafu na mng'ao wa miaka ya kusuguliwa, palikuwa na vishimo vidogo. Akakipeleka kwenye mwanga. Viwili upande huu, karibu karibu. Vinne upande ule.

Mtu mwingine angeona mikwaruzo. Yeye aliona mdomo.

"Meno mawili ya chini," alisema taratibu. "Manne ya juu. Haya ni meno ya utotoni, mapya kabisa. Huyu hajafika mwaka na nusu." Akavua miwani. "Kaka, ni mtoto gani alikuwa chumbani kwako?"

"Alikuwepo mmoja," alisema Mzee Funguo. "Mkaidi."

Kisha, kwa kuwa wanawake wawili walikuwa wanamtazama na chai ilikuwa bado haijamiminwa, akaeleza. Vipande alikuwa amevitandaza mezani. Aligeuka kuangalia maziwa yasifurike. Aliporudi, mtoto alikuwa amesimama kwa kushika meza, na hilo lenyewe lilikuwa jipya, na anakohoa, na uso umebadilika rangi. Akaingiza kidole. Usukani ulitoka huku meno yameuuma, hayataki kuuachia.

"Nikakusanya vyote, nikavipandisha juu ya kabati. Gari lingeweza kungoja. Huu nikautia kwenye funguo. Kila nikifunga mlango nausikia, nakumbuka kuangalia chini, uko wapi, una nini mdomoni."

"Na nilipokua?"

"Kidole kilikuwa kimeshazoea."

Wifi aliweka chai chini. "Mimi nimeolewa na shada hili," alisema, "na sikuambiwa."

Fundi meno aliufungua mkoba. Alichukua kisu chembamba, akakipitisha ukingoni mwa bodi, na nta ikaachia bila kelele. Gari likafunguka. Akautoa usukani wake mzuri, akauchomoa ule mwingine kwenye shada, akausafisha, akampa kaka yake kibano.

"Weka wewe."

"Sioni vizuri."

"Chungulia."

Akachungulia. Fundi meno alitia tone moja kwenye kijiti cha usukani, akamwongoza kiwiko tu. Na wakati huo akatambua kwamba bahati imemwangukia. Mtu aliyeshika kwa kibano kitu chenye ukubwa wa kitufe, akikitafutia mahali pake kwa jicho moja lililofinywa, hana mkono wa kumpungia mtu anyamaze. Akasema yote. Alianza na maziwa, akaja kwenye ada za shule, kwenye viatu alivyovaa kaka mwenyewe mpaka vikacheka, kwenye usiku wa homa, kwenye ndoa aliyoichelewesha kwa sababu yake. Hakusema vizuri. Alirudiarudia. Wifi alijifanya anatafuta sukari iliyokuwa mbele yake.

Usukani ukakaa. Mzee Funguo hakuachia kibano.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Ahsante na wewe." Akapepesa macho. "Sasa niambie kama umekaa sawa, maana maji yameniingia kwenye bomba."

Ulikuwa umekaa sawa, umeelemea kushoto kidogo. Bodi ikashushwa, safari hii kwa kimiminiko, na hakukuwa tena na kurudi nyuma.

Gari liko pale dirishani hadi leo, mahali ambapo lile bomba hulifikia bila kutafuta. Bomba limekuwa jembamba kidogo, si sana. Matone yanafanya kazi yake. Usukani wa fundi ulikwenda kwenye shada la funguo, mahali pa ule wa zamani, na kidole gumba kikaukubali baada ya wiki chache za manung'uniko. Rangi nyeusi imeshaanza kuliwa. Chini yake waridi ya ufizi inachomoza, na watu wakimuuliza Mzee Funguo ni kitu gani kile, hajibu moja kwa moja. Anawauliza kwanza kama meno yao yote ni mazima.