Jiwe Lililopakwa Mafuta

Mama hakuvumilia kitu kilichopauka. Baridi ya Eldoret hukausha ngozi hadi unaweza kuandika juu yake kwa ukucha, na sisi watoto hatukutoka nyumba yetu ya Langas kabla hajatupaka mafuta usoni, magotini, hadi nyuma ya masikio. Tulifika shuleni tukimeta kama sufuria mpya. Nilichukia sana.

Chuo kikuu nikasomea makaa ya mawe. Makaa hayo yalikuwa msitu zamani, na ndani yake bado kuna masalia ya nta ya majani na utomvu wa miti. Ukiyatoa na kuyapitisha kwenye mashine, inachora vilele kwenye karatasi, na kwa vilele hivyo unajua ni mimea gani ilizikwa pale. Mimi nilikuwa na kipande kimoja tu, kutoka Kitui, na bila hicho sina digrii. Jioni moja nilikuta maabara imefungwa, nikakibeba nyumbani.

Kesho yake nikakikwangua juu juu, nikapima. Mashine ikachora mlima mmoja mnene, umefunika kila kitu. Mwalimu wangu akaniuliza kama nimekitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, maana hayo nayo hutokana na mafuta ghafi ya ardhini, na yakigusa makaa huoni kingine. Nikajua papo hapo.

"Hilo jiwe lilikuwa limepauka," Mama aliniambia, wala hana wasiwasi. "Ungelipeleka hivyo mbele ya walimu? Si hata wewe sikutoi hivyo."

Nilikasirika, jamani. Siku kadhaa nilikula chakula chake nimenuna. Kumbe mafuta hayakufika ndani. Mimi na mwalimu tulikivunja kile kipande, tukachukua katikati, na msitu wangu ukatokea: miti yenye utomvu mwingi, iliyoota kwenye kinamasi. Nikahitimu.

Mama ametuacha. Nguo zake tuligawana, na kopo lake la mafuta nililikwangua kwa kidole hadi likaisha. Ile karatasi ya kwanza, yenye mlima, nimeibandika ofisini. Wanafunzi huniuliza kwa nini nimetundika kipimo kilichoharibika. Huwa nawaambia hakikuharibika. Mashine ilisoma sawasawa mkono uliolishika lile jiwe.

Leo asubuhi nimetoka nyumbani nimepauka, na hakuna aliyenirudisha mlangoni.