Matanga ya Liwali

Katika ukoo wetu hakuna aliyesifiwa kuliko mpumbavu wetu mkubwa, babu wa ami yangu. Karne ya kumi na tisa alikuwa liwali wa kimji kimoja cha Mrima. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Alimfunga jogoo gerezani kwa kumkatiza usingizi. Ndani ya nyumba alitembea na mwavuli wazi. Siku moja akajilaza chini ya shuka, akatangazwa amekufa, ili asikilize nani analia. Hitima ikasomwa, pilau ikapikwa, naye akafufuka kabla haijapakuliwa. Wasiolia walifukuzwa kazi.

Uzeeni alirudi Ibra, mji wa wazee wake ng'ambo ya bahari, na kituko kile akakirudia. Basi alipokufa kweli, majirani walisema, "Anatupima tena," wakaendelea kumwagilia mitende. Mkewe alimwosha peke yake katika chumba cha nyuma. Waliolibeba jeneza ni wapita njia waliokuwa wakipeleka tende sokoni.

Haya alinisimulia bibi, binti wa liwali, aliyekuwamo chumbani siku ile, mtoto mdogo. Tuliporudi Ibra kutoka Unguja alikoolewa, miaka ya sabini, alichagua kukaa chumba kilekile. Aliomba jambo moja tu: afie pale mama yake alipoachwa na watu.

Ami, mwanawe wa kumzaa, alikuwa na mshahara wa serikali, gari, na marashi ya kuumiza kichwa. Akaamua kukivunja chumba ajenge majlisi ya wageni, kwa heshima ya liwali.

"Mama, huu udongo mtupu," alimwambia. "Ntakupa chumba cha kiyoyozi. Watu wamjue babu yetu alikuwa nani, wallahi."

"Wanamjua, mwanangu. Ndo maana hawakuja."

Ami akacheka. Wiki ileile mafundi walikuja na sururu.

Bibi alifia kwenye kiyoyozi, amejikunyata chini ya mablanketi, kaupa ukuta uso. Majlisi ikajaa watu hadi uani. Nilimchukia ami siku ile, na bado. Kila aliyempa mkono wa pole alisimuliwa habari za liwali, jogoo na mwavuli, eti ndiyo haiba ya watu wa zamani. Mama yake mwenyewe, ami hakumtaja. Wageni walikunywa kahawa, wakasema Mungu amrehemu mzee yule.

Liwali akapata matanga yenye watu hatimaye, kwa maiti ya bintiye.