Kiwiko Katika Maji ya Diskasi

Kwa miaka thelathini na mmoja bibi huyu aliwaogesha vichanga katika wodi ya wazazi, na hapana kichanga aliyeingia beseni kabla ya kiwiko chake. Vipimajoto vilikuwapo, alivisoma, akavishukuru, kisha akatumbukiza kiwiko. Wauguzi wenzake wakamwita Mama Kiwiko, naye akastaafu na jina hilo kama mwingine astaafuvyo na saa ya ukutani.

Sebuleni kwake palikuwa na matangi mawili ya kioo, na ndani yake sikildi, samaki wa jamii moja na sato, ila hawa asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini. Mwenyezi Mungu amewagawia viumbe tabia apendavyo, na katika chumba kile mgawo huo ulionekana waziwazi. Tangi la kwanza lilikuwa la oska mmoja, sikildi mkubwa kama kandambili, aliyeitwa Bwana Mkubwa. Maji ya nyuzi ishirini na tano yalimtosha. Aling'oa mawe, aliwapigia wageni kioo kwa pua, na changarawe zake zikipangwa upya alilala ubavu siku mbili kwa kununa.

Tangi la pili lilikuwa la diskasi wawili, dume na jike, bapa na duara mfano wa visahani. Hao walikuwa watu wa haya. Mlango ukibamizwa, walibadilika rangi wakawa weusi, wakajificha. Na wasipopata maji ya nyuzi ishirini na tisa, uzazi haukuwaendea vyema. Mara tatu walitaga juu ya chungu kilichopinduliwa, na mara tatu wakayala mayai yao.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na mwalimu mstaafu wa fizikia, ndiye aliyemfungia mitambo ya kupasha na kuchuja maji. Naye alifuga samaki, na wale wawili aliwatamani tangu siku ya kwanza. Kila mayai yalipoliwa alisema kwamba kwake yangekwisha kuanguliwa. Mara ya tatu Mama Kiwiko alichoka, akatamka mbele ya wanawe kwamba wakila tena, shemeji aje na ndoo awachukue. Neno lilikuwa limemtoka, naye hakuwa mtu wa kulimeza neno lake.

Kesho yake alikunja mkono wa gauni. Alitumbukiza kiwiko karibu na kipimajoto, akakuta joto lile lile lililoandikwa. Akakisogeza polepole hadi kwenye chungu, upande wa pili wa tangi, na hapo akasita, kama alivyokuwa akisita zamani maji ya beseni yasipokuwa tayari, ilhali mama mzazi amekwisha kumfunua mwanawe. Maji yalikuwa yamepoa. Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa shubiri moja tu kutoka kwenye kipasha maji. Hakikusema uongo, kiliulizwa mahali pasipostahili.

Alipomweleza shemeji, alicheka hadi miwani ikamteleza.

"Shemeji, fizikia haisomwi kwa kiwiko."

"Vichanga wangu hawakuisoma kabisa," akamjibu, "na hakuna aliyeungua."

Basi Mama Kiwiko alikihamishia kipasha maji penye mkondo wa kichujio, ili maji yenyewe yabebe joto hadi chunguni, na kwa siku tatu akalipandisha kidogo kidogo, kiwiko hakikauki. Kisha akatundika shuka kati ya matangi mawili, kwa kuwa aligundua kwamba Bwana Mkubwa alikuwa akiwatunishia mashavu majirani kutwa nzima. Baada ya juma moja diskasi walitaga mara ya nne.

Siku ya tano tangu watage, shemeji alibisha hodi asubuhi, ndoo mkononi, wavu kwapani. Makinda yalikuwa yameanguliwa na siku hiyo ndiyo kwanza yanajaribu kuogelea, kama vumbi lenye macho. Wote wawili waliinama. Dume likamsogelea kinda mmoja aliyepotea njia, likafungua kinywa, likammeza.

"Umeona?" shemeji akasema kwa upole, akanyoosha mkono kuchukua wavu.

"Subiri."

Midomo ya Mama Kiwiko ilikuwa ikimtaja Mola kimyakimya. Dume likageuka, likaenda hadi lilipo kundi, na hapo likamtema kinda yule salama kati ya ndugu zake. Kisha likasimama tuli, nalo kundi zima likamwagika ubavuni mwake, likaanza kula ute wa ngozi ya baba, maana hicho ndicho chakula cha kwanza cha watoto wa diskasi.

Shemeji aliitua ndoo, akavua saa, akakunja mkono wa shati, akatumbukiza kiwiko chake chenye vinyweleo vyeupe katika maji yale.

"Sisikii kitu, shemeji."

"Usikitoe," akasema Mama Kiwiko, akamsogezea kiti. "Mimi nilianza kusikia mwaka wa pili."