Mafuta ya Nazi Kwenye Jeki ya Mashine

Kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, mama alikuwa akiniuliza, "Mashine imekaaje?" Nami namjibu mashine ya boti imekaa vile vile. Ananyoosha miguu yake yenye magoti yaliyovimba, anageukia upande wa bahari, ambayo kutoka kwangu Wete haionekani ila inasikika tu, kisha anasema, "Basi mie n'tangoja."

Alichokingoja ni kurudi kwao, kisiwa kidogo kilichoko mbele ya Wete, akakae na mdogo wake katika nyumba waliyozaliwa. Alikuja kwangu kwa ajili ya hospitali akakaa sana, na sasa alitaka kwenda asirudi. Alinambia waziwazi, huku anachambua mchele.

"Nnataka nikafie kwetu, mwanangu. Usinifanyie uso huo."

Vyombo vya kuvukia vipo, lakini vyote hushusha watu mbali, maji ya kiunoni, mtu akatembea juu ya mwamba mpaka pwani. Magoti ya mama hayawezi tena safari hiyo, na kubebwa mgongoni amekataa; yeye si gunia, alisema. Ikabaki boti yangu. Ni ndogo, inaweza kupita juu ya mwamba mpaka mbele ya nyumba yao, mradi mashine iwe imenyanyuliwa nusu, propela ikate maji ya juu juu. Sasa mashine yangu ukiinyanyua inashuka yenyewe polepole, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa.

Ni mashine ya zamani. Jeki yake, ile silinda ya mafuta inayoisukuma juu, ilikuwa imeliwa mipira ya ndani, na mafuta yanavuja. Sisi wenye mashine za namna hii tuna dawa yetu: unakata mti wa mkandaa wenye panda, unaupachika chini ya mashine, unamwomba Mungu. Juu ya mwamba mkandaa huo haukai, wimbi moja umeshachopoka. Mafuta ya dukani nayo nilichoka kuyanunua yakaishie baharini. Nikatazama jikoni, nikaona mafuta ya nazi anayoyapika mama kutokana na nazi za shamba letu la Mgogoni, mepesi, yanang'aa. Nikatia hayo. Na yakafanya kazi! Kaskazi yote na masika, daktari akiwa bado hajamruhusu mama kusafiri, mashine ilipanda na kushuka, na kila ilipopanda ilinijia harufu ya nywele za mtu aliyetoka kuoga. Nilijiona mjanja wa Pemba nzima.

Kikaingia kipupwe. Asubuhi moja ya baridi nikampakia mama na mizigo yake, maji yamejaa vizuri, nikabonyeza swichi, mashine ikaguna tu. Haipandi wala haishuki. Nikaibonyeza tena na tena kwa hasira, bure. Nikamrudisha mama nyumbani.

Fundi niliyemwita alitoka Konde, mtu wa mzaha. Aliifungua silinda uani kwangu juu ya gunia, akachungulia ndani, akacheka mpaka akakaa chini. Mafuta yameganda meupe pepepe, kama yanavyoganda kwenye chupa kila kipupwe, jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto analijua.

"Yakhe, hii mashine au chungu cha wali wa nazi?"

Mama alikuwa kwenye mkeka, kasikia. "Ndiyo mafuta yangu hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mie nasema mbona yanakwisha upesi."

Kazi iliyofuata naikumbuka kama kitu nilichokiota. Jua jembamba, majirani wameanika karafuu, ua mzima unanukia. Fundi akaosha silinda kwa petroli. Ule mchuma unaotoka na kuingia akaupiga msasa laini, maana vidoti vya kutu ndivyo vilivyokuwa vinatafuna mpira. Mipira ya zamani akaing'oa kwa kijiti cha mwanzi asije akakwaruza chuma, ikatoka vipande vipande. Mipya akaipaka mafuta, mafuta ya mashine yenyewe safari hii, akawa anaisukuma kwa kidole gumba, taratibu, huku mama anamuuliza habari za watu wa Konde. Sauti zao zilinijia kwa mbali. Mimi nimeshika kifuniko cha silinda nimekisahau mkononi, nawaza kwamba mpira ukishakaa mahali pake mama anaondoka. Nikamwambia fundi apumzike anywe chai. Akanywa. Nikammiminia nyingine.

"Yakhe, n'tashinda nnakunywa chai?" akaniuliza, akarudi kwenye kazi yake.

Tuliipandisha na kuishusha mashine mpaka hewa yote ikatoka, kisha ikakaa juu, imetulia kimya. Fundi akajifuta mikono. Mama akaanza kukunja nguo zake.

Tulivuka maji yakiwa kama kioo. Chini yetu mwamba ulipita polepole, nyota za bahari, vigingi vya mwani, mchanga, mwamba tena. Mashine nimeinyanyua nusu, propela inanong'ona. Mama kaning'iniza vidole majini, anatabasamu peke yake. Mimi naitazama ile silinda, na Mungu anisamehe, nilikuwa naomba ivuje, ishuke, tugonge mchanga nipate sababu ya kumrudisha nyumbani. Halikutoka hata tone.

Mama akashuka maji yakiwa ya vifundoni. Mdogo wake alikuwa pwani anamngoja. Wakakumbatiana, wakaelekea nyumbani wakisema wote kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba kimeshatandikwa, kinatazama dirisha la baharini. Mama akakikalia, akakipapasa, akanitazama.

"Kigeuzeni, mwanangu," akasema. "Nikilala nielekee kibla."

Mama mdogo akashika upande mmoja, nami upande mwingine, tukakigeuza.