Zamu ya Hiza

Watu wa Kilole, pale Korogwe, walikuwa na mengi ya kumsema Dunstan, na mengine yalikuwa kweli. Kwamba ni mbishi. Kwamba ukimsalimia hasikii, ukimsengenya anasikia. Kwamba mtu mzima na mvi zake, mjukuu wa manamba aliyeletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, ameupeleka moyo wake kwa bendi ya Wazungu wa Australia wanaopiga magitaa kama wanagombana. Hilo la mwisho liliwashinda kabisa. Angependa dansi, wangemwelewa. Angependa taarabu, wangemcheka wakamwacha. Lakini muziki ule! Jirani yake Agripina aliapa kwamba hata kuku wake walipunguza kutaga.

Ugonjwa huo aliupatia karakana, katika shamba la mkonge, alipokuwa kijana msaidizi wa fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge zibaki nyuzi. Fundi mmoja Mwaustralia alikuja kufunga mtambo, akaondoka, akasahau kanda juu ya meza. Dunstan na mwenzake Hiza wakaitia kwenye redio, na kwa mara ya kwanza wakasikia muziki ambao korona haikuweza kuufunika. Korona inanguruma, gitaa nalo linanguruma juu yake. Hiza alicheka mpaka akakaa chini.

"Hawa wamefanya kazi karakana," akasema. "Mtu hapigi hivi kama hajawahi kushika spana."

Bendi ilikuwa na jina la Kiingereza ambalo kila mmoja alilitamka kivyake, basi wao wakaiita Karakana, yakaisha.

Hiza alikuwa Mzigua wa Kang'ata, huko Handeni. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo urafiki wao ulianza kwa matusi ukakomaa kwa matusi. Hiza alimwita mwenzake mpagazi. Dunstan alimwita mfukuza nyani. Shamba lilipofungwa, Hiza alirudi kwao kulima mahindi, na Dunstan akabaki Korogwe akitengeneza baiskeli, masikio yake yameshaliwa na korona. Lakini kila baada ya mavuno mmoja alimfuata mwenzake, kanda mfukoni. Wakaketi, redio katikati, Dunstan kaweka kiganja juu yake ili mkono umsaidie pale sikio liliposhindwa. Kisha wakaimba. Dunstan alipiga gitaa kwa mdomo, Hiza akawa mwimbaji. Kiingereza hawakukijua, wala hakikuwazuia. Kulikuwa na mahali katika wimbo wa kwanza ambapo gitaa linanyamaza ghafla, panabaki patupu, halafu Hiza anaingia na ukelele wa kuamsha mji. Miaka yote ile hakuwahi kuchelewa.

Waligombana pia, usidhani. Bendi ilibadilisha mwimbaji, na Hiza hakumkubali yule wa pili mpaka anaingia kaburini. Alidai yule wa kwanza aliacha muziki akaenda kufuga kondoo, na kwamba mtu anayejua kuacha ndiye anayejua kuimba. Alikoyatoa hayo ya kondoo hakuna ajuaye.

Mwaka juzi Glory, binti wa Dunstan, aliwatafutia bendi kwenye simu yake. Wazee wawili wakainamisha vichwa juu ya kioo. Wale Waustralia nao walikuwa wamezeeka, mmoja kipara kabisa, lakini bado wanapiga, na mbele yao uwanja mzima umefurika watu, wazee kwa vijana, mikono juu, wengine wanalia. Hiza akakisogeza kioo karibu na macho.

"Kumbe tuko wengi, mtani," akasema.

Dunstan akarudisha macho kwenye ule umati. Maisha yake yote alikuwa amedhani wako wawili.

Kisha Hiza akaugua, tumbo likamvimba, hospitali ikamrudisha nyumbani. Dunstan alipokwenda kumwona alikuta mtu aliyebaki macho tu. Hiza akamshika mkono.

"Wewe mpagazi. Siku yangu uje unipigie Karakana, watu wacheke. Wakilia tu, nitajua hukuja."

"Wewe hufi leo wala kesho. Nyani watakula mahindi ya nani?"

"Sitanii."

"Nitakuja," Dunstan akasema.

Ahadi hiyo haikuwa ndogo. Kwenye msiba wa huko mtani ana kazi yake. Huvaa nguo za marehemu, huigiza sauti na mwendo wake, hulizuia jeneza njiani, hata kulala ndani ya kaburi akatae kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa wamelia hadi wamekauka, mtani ndiye anayewarudishia pumzi. Yeye halii. Akilia yeye, wamebaki na nani?

Habari zilipofika, Dunstan hakutoa chozi. Alisema, "Mjinga yule kanitangulia," akachukua redio na kanda, akapanda basi la Handeni, kutoka hapo bodaboda hadi Kang'ata, redio mapajani. Njia nzima aliogopa jambo moja tu, kwamba atafika pale na kulia.

Yuditha, mjane, alikuwa mkekani kati ya wanawake. "Shemeji, umekuja," akasema, sauti imekwisha.

"Nimekuja kumdai mtumwa wangu!" Dunstan akapaza sauti, na kicheko cha kwanza kikasikika uani. Akaingia ndani akavaa koti la Hiza na kofia yake. Koti lilinuka tumbaku. Ilibidi asimame kidogo gizani mle chumbani, ameshika ukuta, kabla ya kutoka.

Kaburini alisimama mbele ya jeneza, miguu ameitanua. "Haendi mtu! Huyu hajaniimbia!" Mwinjilisti, mwenyeji wa mila hizo, akafunga Biblia akatabasamu. Dunstan akaweka redio juu ya kifusi cha udongo, akabonyeza. Kanda ikakoroma, ikazunguka kidogo, na chini ya kiganja chake akahisi mtetemo unakufa. Akafungua. Utepe ulikuwa umejisokota humo ndani, umekatika. Kanda ilivumilia miaka yote hiyo, ikachagua saa ile.

Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu; ile ya Glory ilibaki Korogwe. Akatazama nyuso zilizomzunguka, akitafuta mmoja, hata mmoja, anayeweza kumwanzishia. Hakuna. Uwanja mzima ulikuwa huko Australia, na hapa Kang'ata aliyejua wimbo ule alikuwa ndani ya sanduku. Dunstan akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Akalichukua jembe lililochimbiwa kaburi, akalipakata kama gitaa, akaanza kwa mdomo. Alinguruma, alikwaruza, alitikisa kichwa mpaka kofia ya Hiza ikadondoka. Watu wakacheka. Wakapiga makofi. Yuditha akainua uso. Dunstan akaenda, akaenda, mpaka pale gitaa linaponyamaza ghafla, naye akanyamaza, kama alivyonyamaza maisha yake yote.

Akasubiri.

Hakuna aliyeingia. Upepo ulipita kwenye mahindi. Akageukia jeneza, na kitu kikamkatika ndani.

"Hiza! Ingia!" akapiga kelele. "Zamu yako! Ingia, mfukuza nyani wewe! Usiniache hapa peke yangu, Hiza, ingia!"

Alipiga magoti, akagonga jeneza kwa ngumi, machozi na kamasi vikimshuka hadi kidevuni, na umati ukaangua kicheko. Walicheka wakaegemeana. Wachimba kaburi walijishika mbavu, mwinjilisti akajificha nyuma ya Biblia. Mtani anamdai marehemu aimbe! Wangejuaje? Kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka. Yuditha mwenyewe alicheka mpaka khanga ikamwanguka begani, kisha akainuka, akamletea kuku amefungwa miguu.

"Shemeji," akasema akijifuta macho, "Hiza angefurahi leo. Hatujapata mtani kama wewe."

"Rudia!" wakaita watu kutoka nyuma. "Mtani, rudia!"

Dunstan akawatazama. Walikuwa wanacheka, kama alivyoahidi. Akajifuta uso kwa mkono wa koti la Hiza, akaokota jembe, akaanza tena tangu mwanzo. Alipofika pale patupu, akanyamaza, akasubiri.