Njaa ya Dada Yangu

Dada yangu alikuwa mnene kabla hajaanza kutembea. Mama husimulia kwamba alikuwa akinyonya na kulia, akipewa uji na kulia tena. Mimi niliyemfuata nilikuwa mwembamba, na tulikula ugali uleule na mlenda uleule. Niliacha shule darasa la sita nikaanza kuzurura na malori, mara Singida, mara Kolo, na kila niliporudi Kibaigwa nilimkuta ameongezeka, na mama amebadilisha kufuli la jikoni.

Kazi yake ilikuwa kushona magunia ya mahindi sokoni. Madalali walimtania.

"Mpisheni, semi inapita!"

"Mpandisheni kwenye mizani tumjue uzito."

"Ninyanyue wewe," aliwajibu, "kama mgongo wako una bima."

Walicheka, naye akacheka nao. Lakini jioni moja, tukiwa tumekaa tu, aliniambia hajui kushiba kukoje.

"Ninyi mnasema mmeshiba, mnanawa. Mimi nanawa kwa sababu sufuria imekwisha."

Sikumwelewa. Njiani nimelala njaa mara nyingi, ila njaa yangu ilikuwa ikiisha nikipata sahani ya wali.

Alipoanza kukabwa pumzi usingizini tulimpeleka hospitali Dodoma. Damu yake ilipelekwa nje ya nchi kupimwa, tukasubiri sana. Majibu yaliporudi, daktari alitukalisha sote watatu. Alisema kichwani mwa mtu kuna sehemu inayopokea habari kwamba tumbo limejaa, na kwa dada sehemu hiyo haipokei. Kazaliwa hivyo, amerithi kwa baba na kwa mama pia, ingawa wao wenyewe hawakuwa wanene. Nikamuuliza mbona mimi sina hali hiyo. Akasema katika mgao mimi nilibahatika tu.

Mama akamgeukia daktari. "Kwa hiyo hakuwa mlafi?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Nilimchapa, daktari. Nilimchapa sana huyu."

Dada akamshika mkono. "Yaishe, mama. Hukujua."

Daktari akaeleza kuhusu upasuaji. Wangekata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza kipande chembamba. Mwili ungepungua na pumzi ingerudi. Kuhusu njaa, alisema, kwa mtu mwenye hali kama yake yeye hawezi kuahidi kwamba itaisha. Kisha akamuuliza dada mwenyewe anataka nini.

"Nataka nikae karibu na chakula, kisiniite."

Upasuaji ulikwenda salama. Nilikuwa Kondoa tukipakia alizeti aliponipigia simu.

"Mdogo wangu, jirani kapika pilau. Harufu imenifikia hapa hapa nilipo, na bado nashona!"

Alikuwa analia kwa furaha. Nami nilisimama pembeni ya lori nikicheka peke yangu, wenzangu wakinishangaa.

Mwaka uliofuata nilirudi nyumbani wakati jirani yetu akifanya sherehe ya kipaimara cha mtoto wake. Dada alikuwa amepungua karibu nusu. Madalali sasa walimwita mchumba. Wanawake walimzunguka wakimshika kiuno.

"Siku hizi unadonoa kama kuku! Unaringa, eeh?"

Akatabasamu, akaweka sahani chini ikiwa bado imejaa. Nikaona macho yake yakifuata kila sahani iliyopita mbele yetu, mpaka mlangoni, kisha yakirudi kuisubiri nyingine. Baadaye kidogo hakuwepo. Nikamkuta nyuma ya nyumba ameinama, anatapika, na mkononi ana kipande cha nyama.

"Njaa imerudi," alisema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mavuno. Iko vilevile, mdogo wangu, kama zamani. Ila zamani nilikuwa na pa kuiweka."

Nikasema turudi Dodoma, labda kuna dawa. Akasema alikwisha kwenda peke yake. Daktari alimwambia dawa za hali yake zipo nchi nyingine, huku kwetu hazijafika.

"Usimwambie mama. Kila asubuhi anapiga magoti kushukuru."

Ndani mama alikuwa akimwita aje kupiga picha. Alinipa ile nyama, akasukutua mdomo kwa maji ya ndoo, akakaza kitenge chake ambacho sasa kilikuwa kikubwa, akaingia. Nilisikia wanawake wakimpigia vigelegele. Nikaifukia nyama mchangani kwa mguu, kisha nikasimama pale, kwa sababu sikujua ningeingia na uso gani.