Bunduki Iliyopimwa kwa Mkono Wangu

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, kaka yangu alikuja kutoka Khuwair pamoja na mwanawe wa mwisho, amebeba kitu kirefu kilichofungwa ndani ya shuka. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Bunduki ile naijua hata ikifungwa: fupi kupita kiasi upande wa kitako, nzito upande wa mtutu, kama mtu aliyekatwa miguu. Alikuwa anamchagulia mtoto bunduki yake ya kwanza, akaona kabla ya kwenda madukani ajaribu kwanza hii ya nyumbani.

"Kile kipande kipo?" aliniuliza hata hajavua viatu. "Kile alichokikatisha Bibi."

Kipo. Kinashikilia mlango wa jikoni tangu mimi na kaka tulipokuwa watoto, na mimi, niliyebaki kuishi katika nyumba hii ya Wattaya, hapa Maskati, baada ya wengine wote kuondoka, hukisukuma kwa mguu kila asubuhi ninapobeba birika ya chai. Nakuandikia leo, rafiki yangu msomaji, kwa sababu kipande hicho cha mti kina habari ambayo sijapata kumsimulia mtu, na waliostahili kuisikia wamepungua.

Bibi yetu alikuwa mshonaji wa makanzu. Aliingia Maskati akiwa mtu mzima, kutoka Unguja alikozaliwa, na mzigo wake mkubwa ulikuwa cherehani ya mkono. Utepe wa kupimia hakuwa nao. Alipima kwa shibiri yake, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na mara nyingi hata shibiri hakuihitaji.

"Bi mkubwa, mbona hunipimi?" wateja wageni humuuliza.

"Nshakupima ulipokuwa unavua viatu," huwajibu, na kanzu humkaa mtu kana kwamba alizaliwa nayo.

Sauti ya nyumba yetu ilikuwa ile cherehani, kuanzia baada ya alfajiri hadi jua linapokuwa kali, na harufu yetu ilikuwa iliki, pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, na mkate wa ufuta ukiungua kidogo pembeni. Mimi na kaka tuliachana miezi kumi na mmoja tu. Tulilingana kimo na mikono, hata Bibi akawa ananivisha mimi kanzu za kaka azitie alama, kwa kuwa kaka hakuweza kusimama bila kujikuna. Kazi hiyo niliipenda. Kwa muda wa dakika chache mimi ndiye niliyekuwa mvulana wa nyumba.

Tulikuwa na ami mmoja, binamu wa baba, aliyekulia milimani na hakupata kuvuka bahari. Alitupenda, sina shaka. Lakini kila sikukuu alikuja na mfuko wa tende na mfuko wa maneno. Tukizungumza Kiswahili mbele yake aliuliza kama tunapika au tunasoma dua. Mwaka mmoja, akiwa ameegemea mto na kikombe cha kahawa mkononi, alimtazama kaka akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kijana mkubwa huyu, bunduki hajui kushika? Mtamwoza na cherehani?"

Watu wakacheka. Bibi akaiacha sindano hewani.

"Bunduki nitamchagulia mimi," alisema. "Baba yangu alikuwa msasi wa paa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea."

Wakacheka zaidi, na ami kuliko wote. Sikucheka. Niliona namna Bibi alivyorudisha sindano kwenye kitambaa, polepole, na nikajua kwamba jambo lile si la mzaha. Katika nchi hii aliyoambiwa kuwa ndiyo yake, alikuwa anajulikana kwa kushona tu; sasa alitaka ijulikane kwamba kuna jambo jingine alilokuja nalo.

Siku ya kwenda Matrah kumwona fundi wa bunduki, kaka alilala na surua. Fundi yule alitoka ndani ya nchi na alikuwa anaondoka kesho yake, kwa hiyo Bibi akanivalisha baibui langu dogo akanichukua mimi. Mkono wangu na wa kaka, alisema, ni mmoja. Katika teksi nilimwomba jambo ambalo nilikuwa nimelala nalo wiki nzima: na mimi nipewe bunduki, niende na wanaume kuwinda. Hakunicheka. Alifikiri mpaka tukafika karibu na bahari, kisha akasema, "Nnachagua ya kaka yako. Lakini ikimbana, ikamkataa, itakuwa yako. Sitaiuza."

Alisema ili kunituliza. Mimi nikaipokea kama ahadi.

Duka lilikuwa na giza la kupendeza, harufu ya mafuta ya mashine na ubani. Fundi alitandaza bunduki tatu juu ya zulia. Bibi aliinama akanusa tundu la kila mtutu, akagonga mbao kwa ukucha akisikiliza, kisha akaiweka kila moja juu ya kidole kimoja aone inaelemea wapi. Akachukua ya tatu, iliyokuwa kuukuu na nyepesi.

"Hiyo haina nakshi, mama," fundi alimwonya.

"Paa hasomi nakshi."

Fundi alicheka kicheko cha heshima, na tangu hapo akawa anamjibu kama mtu anayemjibu fundi mwenzake. Ningependa ungemwona Bibi saa ile.

Mtoto hupimwa hivi: hukunja kiwiko, kitako cha bunduki kikaegeshwa kwenye kunjo la mkono, kisha hunyoosha kidole. Kikifika kwenye kifyatulio, bunduki ni yake. Kisipofika, mbao hukatwa kidogo, na kile kipande huhifadhiwa ili kirudishwe kwa skurubu mtoto akishakua. Nilikunja kiwiko. Kidole changu kilikaribia kufika. Kilipungukiwa upana wa ukucha. Na hapo, ndani ya mkono mpana wa baibui, nikakivuta kiganja changu nyuma.

"Hakifiki, Bibi."

"Nyoosha."

"Nimenyoosha."

Bibi akaweka alama kwa chaki yake ya kushonea. Fundi akauliza mara mbili kama ana hakika, kwa kuwa kipande kilikuwa kinene. Bibi akasema shibiri yake haijamdanganya bado. Msumeno ukalia, vumbi jekundu likamwagika juu ya zulia, na mimi nikahesabu moyoni: itambana, itamkataa, itakuwa yangu.

Nilikosa kumhesabu kaka. Alipoamka na madoa yake ya surua na kuiona bunduki, alishika kitako akakiweka begani, akarudisha shingo nyuma kama kuku anayekunywa maji.

"Mbona umeivuta shingo?" Bibi alimuuliza.

"Ndivyo ninavyolenga. Imenikaa sawasawa, Bibi. Wallahi sawasawa!"

Alikuwa anaogopa kunyang'anywa. Kwa hiyo siku ile Bibi alidanganywa mara ya pili, na mara zote mbili na watoto aliowalea.

Skuli zilipofungwa, wakati wa baridi, ami akaja kumchukua kaka. Niseme wazi kwamba kuwinda paa kulikuwa kumekatazwa tayari. Wakubwa walijua, sheria waliiona kama jambo la watu wa mjini, na paa wachache waliobaki katika nyanda zile za changarawe nyuma ya milima waliwaona kama haki yao. Bibi alisaga bizari, akakatakata vitunguu, akaosha sufuria kubwa ambayo hutumika sikukuu. Tulingoja siku mbili.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa kaka. Paa jike alisimama juu ya tuta akiwatazama. Kaka akalenga. Kitako kilikuwa kifupi mno, kidole gumba chake kikawa karibu na uso, na bunduki iliporudi nyuma kikampiga puani mpaka mfupa ukapinda. Risasi ikaenda chini. Paa alivunjika mguu akaondoka kwa mitatu, na wao wakamfuata kwa michirizi ya damu mpaka alasiri, ambapo michirizi ilikoma kwenye mawe. Hawakumwona tena. Kaka alilia njia nzima, na hakulilia pua.

Ami aliingia ameibeba bunduki yeye. Aliilaza miguuni mwa Bibi, pale pale sebuleni, mbele ya majirani waliokuja kungoja nyama.

"Bi mkubwa, hii ulimpimia mtoto au ulimpimia mdoli? Huko kwenu Zinjibari mlikuwa mkiwinda nini, kuku?"

Bibi alimwita kaka. Akamkunja kiwiko, akaegesha bunduki. Kidole cha kaka kilipita kifyatulio kikaenda mbali. Akatazama muda mrefu. Kisha akaniita mimi kutoka mlango wa jikoni.

"Siku ile, mkono uliunyoosha?"

Vitunguu vilikuwa vinaungua. Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa neno dogo.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi nshazeeka," alisema, na akaenda kuzima jiko.

Hakunipiga wala hakuniuliza tena. Ila siku chache baadaye nilimwona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na utepe wa kupimia. Alimpima mteja wake wa miaka mingi mara tatu, akaandika, akafuta, akapima tena. Kanzu ile ikatoka fupi. Mkono uliokuwa haukosei ulikuwa umeanza kujiuliza, na mkono ukijiuliza mkasi hauendi. Kabla ya mwaka kwisha cherehani ilifunikwa kitambaa. Kipande cha mti akakitia chini ya mlango wa jikoni, yeye mwenyewe, kwa mguu. Nilidhani ananiwekea mahali nitakapokiona. Leo nadhani alikiweka akione yeye.

Aliishi miaka mingine tisa. Nilikwenda chuo kikuu, nikarudi na shahada, nikajifunza kusema maneno magumu kwa ufasaha mbele ya watu nisiowajua. Kila likizo nilikaa naye barazani nikimmenyea machungwa, nikijiambia leo. Sikusema. Nyanda zile sasa zina barabara ya njia nyingi na nyumba zinazofanana. Paa waliobaki wako nyuma ya uzio wa hifadhi, na bunduki ya mtoto ni pambo la arusi, haina risasi. Ami amefariki. Kicheko chake tu ndicho kilichobaki, maana kaka amekirithi: kila tukikutana familia nzima, husimulia habari ya bunduki ya Bibi, akionyesha pua yake iliyopinda, na watu hucheka mpaka machozi. Na mimi pia hucheka.

Ijumaa ile nilikitoa kipande mlangoni nikakiosha. Kaka akakiegesha kwenye kitako. Hakikukaa. Miaka ya maji ya jikoni na mateke yetu ilikuwa imekila upande mmoja, na mwanga ulipita katikati ya mti na mti.

"Hata kipande chenyewe kimekataa," kaka alicheka. "Bibi yetu huyo!"

"Alikuwa hajui kupima?" mtoto akauliza.

"Alikuwa hakosei," nilisema.

"Ila mara moja," kaka akasema, akinitazama ili nicheke.

Mtoto alinitazama vilevile. Alikuwa na umri wetu wa siku ile. Nilifungua kinywa.

"Ila mara moja," nikasema.

Kaka akampa mtoto bunduki, akaniambia nimpime mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa na Bibi kuliko wote. Nikamwambia mtoto anyooshe mkono, aunyooshe wote, asiuvute hata kidogo. Aliunyoosha. Nikatanua vidole vyangu juu ya ngozi yake yenye joto, na vidole havikujua vianzie wapi. Shibiri yake Bibi hakupata kunifundisha. Aliiacha kabla zamu yangu haijafika.

"Acha, dada," kaka alisema, akatoa utepe wa chuma mfukoni.